Mstari Wenye Nambari Mwishoni

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo, na mlango ukafunguliwa saa mbili na nusu. Katika muda huo niliisoma barua yangu ya kupangiwa kazi mara nyingi, nikitafuta kosa ambalo lingenirudisha nyumbani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya ualimu wa Kiswahili, nikaongeza kozi ya miezi michache ya breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Sikuamini kwamba hayo yalitosha. Leo nimestaafu, na bado sina hakika.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mjini Migori. Chumba cha breli kilikuwa nyuma ya ofisi za elimu: meza tatu, kabati moja, na marobota ya karatasi nzito kama manila. Mashine ya breli ina funguo sita, mmoja kwa kila nukta, na unazibonyeza kwa pamoja kama mpiga kinanda. Ukikaribia mwisho wa mstari, kengele ndogo hulia kukuonya kwamba zimebaki seli chache. Seli ni nafasi ya herufi moja. Kengele ile ilinishtua kila mara, hata baada ya miaka kumi.

Mkubwa wetu alikuwa Mratibu, mama mrefu wa makamo aliyependa kuongea akiwa amesimama. Alinipa kitabu cha chapa, yaani kile cha wanaoona, akasema, "Mwalimu, hapa hatuandiki kitabu. Kitabu kilishaandikwa. Sisi tunakihamisha tu, na kwenye kuhama hakuna kijiko kinachoachwa nyuma."

"Na nikikuta kijiko kimepinda, Madam?"

"Unakihamisha kikiwa kimepinda."

Karibu na dirisha aliketi msahihishaji wetu, mzee asiyeona tangu utotoni. Kila mtu alimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Mimi ni mtu wa Kuria, na Kijaluo changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Yeye aliniita Nyar Kuria, binti wa Kuria. Kila ukurasa nilioumaliza nilimpa ausome, kisha nikamwomba aurudie, kisha nikauliza kama ana hakika.

"Nyar Kuria," aliniambia siku moja, "hii ukurasa nimesoma mara tatu. Nukta zimeanza kuisha."

Ninyi mnaoanza kazi hii mkiwa na kompyuta pengine hamjui tulivyopanga ukurasa kwa kuhesabu. Kichwa cha habari kilikaa katikati: unahesabu herufi zake, unatoa kwenye seli arobaini za mstari, unagawanya kinachobaki kwa mbili. Aya ilianza seli ya tatu. Nambari ya swali ilianza seli ya kwanza, na maneno yake yakivuka kwenda mstari wa chini yalisogezwa ndani, ili kidole kinachoshuka ukingoni kikute nambari tupu, bila kugongana na maneno. Neno lililopigiwa mstari kwenye chapa lilitanguliwa na alama yake, kwa sababu mtoto akiulizwa maana ya neno lililopigiwa mstari na hakuna dalili yoyote, atajibu nini?

Halafu kulikuwa na mstari wa ukurasa, na huo ndio ulioninyima amani. Ukurasa mmoja wa chapa hutoa kurasa mbili au tatu za breli. Kwa hiyo kila mahali ukurasa wa chapa unapoishia, unapiga vistari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mwishoni, upande wa kulia, unaandika nambari ya ukurasa mpya. Unapiga hapo hapo, hata kama ni katikati ya sentensi. Hata kama ni katikati ya neno, unamaliza neno tu.

Kitabu changu cha kwanza kikubwa kilikuwa cha Kiswahili, darasa la saba, kwa ajili ya Akinyi, msichana asiyeona wa shule moja ya kutwa upande wa Rangwe. Alisoma pamoja na watoto wanaoona. Nilikwenda vizuri mpaka ukurasa wa tisini na tatu, ulioishia hivi: "Juma hakuthubutu". Ukurasa wa tisini na nne uliendelea, "kumwambia mama yake kwamba mbuzi wamepotea." Nikakaa nikiitazama mashine. Kidole cha mtoto kinasoma hadithi, kinakutana na ukuta wa vistari. Atadhani hadithi imekwisha. Atadhani Juma hakuthubutu basi, hakuna zaidi. Nilimfikiria Akinyi huyo ambaye sikuwa nimemwona bado, nikamwonea huruma, na huruma yangu ikageuka mpango.

Mratibu alikuwa Nairobi kwa mafunzo ya wiki tatu. Nilirudi nyuma nikazichapa upya kurasa zote bila vistari wala nambari za chapa. Badala yake nilitengeneza jedwali la kurasa nne, nikalifunga mwanzoni mwa juzuu ya kwanza: ukurasa fulani wa chapa unapatikana juzuu fulani, ukurasa fulani wa breli. Safu zake zilikaa sawa kabisa. Kitabu kizima kilitoka juzuu tano.

Japuonj alisoma, akainua kichwa. "Mistari ya kurasa iko wapi?"

Nilimweleza kwa dakika kumi hivi. Nilitaja mtiririko wa hadithi na maneno mengine ya chuo.

"Sawa," akasema taratibu. "Wewe ndiye uko na digrii." Mratibu aliporudi, kitabu kilikuwa kimeshapelekwa Rangwe.

Muhula uliofuata nilihamishiwa Homa Bay, kuwafuata wanafunzi wasioona katika shule zao. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, nilifika shuleni kwa Akinyi. Mwalimu wake wa darasa, kijana wa rika langu aliyevaa tai hata kwenye joto lile, alinikaribisha kwa barua. Alikuwa amemwandikia Mkaguzi wa shule kwamba msichana hawezi kwenda na wenzake, na kwamba afadhali apelekwe shule maalumu ya bweni. Mkaguzi angekuja Jumanne kujionea.

"Nimejaribu, mwalimu," akasema. "Ni mtoto mzuri. Lakini ako polepole sana."

Nilijua shule ile ya bweni ilikuwa imejaa mwaka huo. Kupelekwa huko kulimaanisha kukaa nyumbani Rangwe na kungoja nafasi, huku mtihani wa mwisho ukiwa mwaka uliofuata.

Niliketi nyuma ya darasa. Mwalimu akasema, "Ukurasa wa themanini na tisa, mstari wa tano." Daftari zikafunguka, vitabu vikafunguka. Akinyi, msichana mwembamba mwenye mabega yaliyonyooka, alichukua juzuu ya kwanza. Akafungua jedwali langu. Kidole kikashuka safu, kikavuka, kikasimama. Akairudisha juzuu ya kwanza sakafuni, akainua ya tatu, akaanza kutafuta ukurasa wa breli. Alipoufikia, swali lilikuwa limeshajibiwa na mwalimu amesema, "Sasa ukurasa wa tisini." Akainama tena kuchukua juzuu ya kwanza, kwa sababu jedwali lilikuwa huko.

Mara ya tatu hakuinama. Aliweka mikono juu ya dawati akasikiliza tu.

Wakati wa mapumziko nilimwendea, nikamwambia mimi ndiye niliyeandika kitabu chake kwa breli.

"Ni wewe?" akasema. "Hiyo jedwali ni safi sana, mwalimu. Haina kosa hata moja." Akafikiri kidogo. "Lakini nikiisoma, wenzangu wanakuwa wameshaenda."

Jioni hiyo hiyo nilikuwa Migori. Nilikuwa nimejitungia maelezo njiani, lakini mbele ya Mratibu yalinipotea, nikasema tu kwamba nilitoa mistari kwa sababu ilikata sentensi.

Akasimama. "Wewe ulitaka kumpa kitabu kizuri kuliko cha wengine."

"Ndiyo, Madam."

"Yeye anataka ile ya wengine."

Mstari hauwezi kuingizwa kwenye ukurasa uliokwisha kupigwa nukta. Hakuna nafasi, na ukifuta kwa kijiti karatasi inabaki na makovu yanayochanganya kidole. Ilibidi juzuu ya tatu, ambayo darasa lilikuwa ndani yake, iandikwe upya yote, kama kurasa tisini. Mratibu alivua saa ya mkononi, akakaa kwenye mashine ya pili. Tulianza Ijumaa asubuhi. Jua lilipoanza kushuka, Japuonj alisimama na kuchukua fimbo yake.

"Tutaonana Jumapili," akasema. Yeye alikuwa Msabato.

"Japuonj, Jumanne ni karibu," nikamwambia. "Mungu anaona ni kwa ajili ya mtoto."

"Anaona. Pia anaona ni nani alitoa mistari, na hakuwa mimi." Akatoka.

Jumamosi tulichapa wawili. Kila kengele ilipolia nilifikiri juu ya karatasi ambazo hakuna aliyezisoma, zikiongezeka. Jumapili asubuhi Mratibu akaenda misa, na Japuonj akaja amevaa koti, akakaa dirishani na kusoma bila kuinuka mpaka saa tisa. Alipata makosa kumi na moja, yote yangu isipokuwa moja. Hilo moja alilitangaza kwa sauti Mratibu aliporudi.

"Madam, hata wewe," akasema, na uso wake ukang'aa kuliko nilivyowahi kuuona.

Jumatatu nilimpelekea Akinyi juzuu mpya, nikamweleza mstari. Nikamwonyesha na nambari za pembeni juu: ukurasa wa tisini na nne wa chapa unapoenea kurasa tatu za breli, wa kwanza unaandikwa 94, wa pili a94, wa tatu b94. Vidole vyake vilipita mara mbili. Kisha akaifunga juzuu na kuiweka sakafuni, nami sikujua kama ameelewa hadi kesho yake.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeshika kalamu bila kuandika. Aliketi mbele, akafungua kitabu cha chapa. "Ukurasa wa tisini na nne," akasema. "Juu kabisa. Huyu msichana asome."

Niliujua ukurasa huo kuliko mtu yeyote duniani.

Akinyi alifungua juzuu ya tatu. Kidole kikapita pembe za kurasa, mbili, tatu, kikashuka, kikagusa vistari, kikafuata mpaka kwenye nambari. Wengine walikuwa bado wanapekua.

"Kumwambia mama yake kwamba mbuzi wamepotea," akasoma. Akasita. "Mwalimu, imeanzia katikati."

Darasa likacheka. Msichana aliyeketi naye akasema, "Hata yetu imeanzia hapo."

"Kumbe hata yenu imekatwa?" Akinyi akamgeukia. "Nilidhani ni yangu tu." Naye akacheka pamoja nao, kisha akaendelea kusoma, na Mkaguzi hatimaye akaandika kitu.

Mwalimu wa darasa alinisindikiza hadi langoni. "Mwalimu, kumbe si mtoto. Ilikuwa kitabu."

"Ilikuwa mimi," nikamwambia. Mwaka uliofuata Akinyi alifanya mtihani katika shule ile ile.

Baada ya Homa Bay nilirudi Migori, nikawa msahihishaji mkuu, kisha mratibu kwenye kiti cha Mratibu yule. Nimefundisha wengi kupiga mistari, na nimekagua kila mmoja mara mbili, tatu, mpaka wakanung'unika. Kustaafu hakujaniponya. Nikisoma gazeti nyumbani, habari ikikatika chini na kuendelea ukurasa mwingine, mkono unasimama wenyewe na kutafuta nambari.

Lile jedwali ninalo. Nililing'oa kwenye juzuu ya kwanza tulipoandika upya zile nne zilizobaki, na liko kwenye droo yangu. Kabla ya kuondoka kazini nilimpa Japuonj, mzee sana wakati huo, alisome kwa mara ya mwisho. Alipitisha vidole kurasa zote nne, polepole, safu kwa safu.

"Hakuna kosa," akasema, akanirudishia.