Ndengu za Walio Njiani

Kwenye ukumbi ule mdogo nyuma ya uwanja wa Kinoru kulikuwa na sheria moja, imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya manila: MCHEZO ULIOKAMILIKA UBAKI NYUMBANI. Niliiandika mimi. Kazi yangu ni kuchora mabango, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwa watu wale. Waliniita niwachoree bango la mkutano wao, nikalimaliza kabla ya chai ya saa nne, na badala ya kukusanya brashi zangu niende, nikavuta kiti niangalie.

Wanabuni michezo ya mezani ya kuigiza. Si ubao wa kukimbizana kama ludo, wala hakuna anayeliwa kete kama kwenye drafti. Mnakaa watu wanne au watano. Mmoja anasimulia kwamba mto umebeba daraja, na kila mmoja anajibu akiwa mtu mwingine: mchunga mbuzi, mkunga, mwizi wa kuku. Mahali maneno yanaposhindwa kuamua, dadu inaamua. Hakuna kampuni nyuma yao. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine anafunga miraa kwa majani ya mgomba kule Mikinduri, mwingine anatengeneza simu. Kila mtu analeta mchezo wake ukiwa mbichi, wenzake wanaucheza, na pale unapopasuka ndipo anajua pa kushona.

Vitu visivyokamilika navijua mimi. Nilizaliwa Gachoka, Embu ya chini, ambako mvua ni ahadi tu. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali hadi mpapai niliopanda uzae. Nimeishi Mikinduri, nikaishi Chuka, nikaishi Isiolo, nikarudi Meru. Nikikaa sana miguu inaanza kuniwasha, na nikiondoka ninaanza kupakumbuka nilipotoka kabla gari halijapanda mlima wa kwanza.

Kwa hiyo mchezo wangu ulikuwa wa kuondoka. Kuna familia moja kwenye nchi kavu. Kila mzunguko msimulizi anarusha dadu ya mvua. Isiponyesha, chakula kinapungua, na mtu mmoja anavuta Kadi ya Safari inayompeleka mbali: Mwea kwenye mpunga, Runyenjes kuchuma kahawa, Isiolo kuchunga ngamia wa wenyewe. Kadi nilizichora mwenyewe kwa rangi ya mabango, na zilikuwa nzuri hata kama ninajisifu. Mchezo unaisha mvua ikinyesha. Shida ni kwamba hakuna meza iliyowahi kufika huko.

Mara ya kwanza chakula kilikuwa karanga za kukaanga. Niliona ni busara, kila mtu apewe rundo lake. Kufikia mzunguko wa tatu familia nzima ilikuwa imekula chakula chake kwa meno ya kweli, ikafa njaa ikicheka na kupangusa chumvi vidoleni.

Mara ya pili nilileta ndengu mbichi. Hakuna aliyezila, lakini meza ilivunjika vilevile. Mmoja alikuwa Mwea, mwingine Isiolo, mwingine Runyenjes, na hawakuwa na la kuambiana. Mfungaji miraa akatoa simu yake. Mwalimu akaenda kutafuta mandazi. Nilibaki na msimulizi, binti wa chuo, akiwasimulia viti.

Nikajiambia kwamba ikivunjika mara ya tatu, basi. Kadi nitazipaka nyeupe, niziandike bei za nyanya na vitunguu za mama mboga, na mimi nitafute mji mwingine. Kuta za duka moja zilikuwa zinaningoja Isiolo. Jumamosi ile nilifika ukumbini na begi langu limeshafungwa.

Walikuwa na desturi nyingine, hii haikuandikwa popote. Mchezo wako unapochezwa, huruhusiwi kueleza kitu. Unapewa kikombe cha chai, na kila unapofungua mdomo ili ujitetee, meza nzima inakupigia kelele, "Kunywa!" Unakunywa. Nimeona watu wazima wakitoka pale matumbo yamejaa kama ngoma.

Wakakaa walewale. Mfungaji miraa akawa baba, fundi wa simu akawa kijana wa pili, mwalimu akawa dada mkubwa. Binti wa chuo akarusha dadu ya mvua.

"Hakuna," akasema. "Mawingu yamepita juu yenu yakaenda kunyeshea matajiri wa miraa kule Nyambene."

"Matajiri gani, baite?" mfungaji miraa akauliza. "Sisi tuna majani tu."

"Majani yanayonunua Probox," fundi wa simu akasema.

"Wewe vuta kadi uende, kijana. Unamaliza chakula ya wazee."

Fundi akavuta Mwea. "Haya, mi nimetoka. Mchele nje nje. Msinitafute."

Mzunguko uliofuata mvua haikuja, na baba akavuta Isiolo. Halafu ikafika zamu ya mwalimu. Akalitazama lile bunda la kadi, hakuligusa.

"Mimi sitoki."

Binti akaangalia maagizo yangu. "Mwalimu, hapa imeandikwa mtu anavuta kadi."

"Wanaume wameshaenda wawili. Nani atafukuza ndege kwenye mtama? Nikitoka na mimi, hiyo si familia tena, ni mlango na kufuli."

Sikuwa nimeandika lolote kuhusu anayebaki. Hata neno moja. Nikafungua mdomo.

"Kunywa!"

Nikanywa. Mwalimu akavuta rundo lake la ndengu mbele yake, akahesabu za kula mzunguko ule, halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. Akachukua ndengu kidogo akaziweka kando, mbele ya kiti cha baba. Nyingine akaziweka mbele ya fundi.

"Hizo ni za nini?" fundi akauliza.

"Ni zako. Unaweza kufika jioni."

"Lakini niko Mwea."

"Najua uko Mwea."

Mzunguko uliofuata akaweka tena. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Kwa hesabu ya mchezo wangu alikuwa anajiua. Chakula kilipimwa kwa ukame, hakukuwa na cha kumwekea mtu asiyekuwepo. Nilitaka kumwambia, na walinitazama tu usoni wakasema, "Kunywa," kabla hata sijafungua mdomo.

Ndipo nilipokumbuka bakuli. Nyumbani kwetu Gachoka baba alikuwa akifanya kazi mbali, na siku yake ya kuja haikujulikana. Kila jioni mama alipakua kunde zake, akazifunika kwa sahani, akaziweka juu ya kichanja pale moshi unapopita. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Hukuambiwa ni kwa nini, kama vile huambiwi kwa nini mlango una bawaba. Asipokuja, asubuhi tulizila sisi watoto, kwa hiyo sidhani tulimwombea sana arudi. Nilipobuni mchezo nilikumbuka vumbi, nikakumbuka ndege wa mtama na barabara inayotoka. Bakuli lile halikunijia kabisa.

Mezani mambo yalikuwa yamegeuka. Simu ya mfungaji miraa ilikuwa mfukoni. Alikuwa anaangalia rundo dogo linalokua mbele yake.

"Dada, zangu zimefika ngapi?"

"Hazihesabiwi. Njoo uone."

"Wewe wa Mwea," akamgeukia fundi, "umesikia habari ya nyumbani?"

"Nitajuaje na nimekwama kwa matope ya mpunga? Lakini buda, angalia rundo lake. Sistee atakufa."

Kweli, la mwalimu lilikuwa limebaki la kushikwa kwa vidole viwili. Wanaume wawili wakainama juu ya meza, wakaanza kupanga jinsi ya kurudi. Binti akapekua bunda la kadi kutoka juu hadi chini. Akapekua tena.

"Mwenye mchezo," akasema, "kadi ya kurudi iko wapi?"

Nilikuwa nimechora njia nyingi za kuondoka. Ya kurudi sikuwa nimechora. Nikainua kikombe, nacho kilikuwa kitupu, nikajifanya nakunywa.

Mfungaji miraa akaigeuza kadi yake ya Isiolo. Nyuma ilikuwa nyeupe. "Si hapa kuna nafasi? Leteni biro." Akaandika taratibu, ulimi nje: *Nimechoka na ngamia za watu. Narudi.* Fundi akageuza yake akaandika: *Nakuja na mchele.* Binti akaamua kwamba kila anayerudi arushe dadu, na ikija ndogo amekwama njiani.

Fundi akarusha. Akakwama. Baba akarusha. Lori limeharibika Archer's Post.

"Archer's Post iko ng'ambo ya Isiolo!" nikasema. "Huwezi kupita huko ukija—"

"Kunywa!"

"Chai imekwisha."

"Basi nyamaza kavu."

Mlango ukafunguliwa wakaingia akina mama wa kwaya. Ukumbi ulikuwa wao kuanzia saa kumi. Nikalivuta begi langu, nikasogea mlangoni. Kila mara mlango ule ulipofunguliwa, meza zilivunjika.

"Wakati wenu umeisha," akasema mama aliyetangulia, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Tungoje kidogo, mama," mwalimu akasema bila kugeuka. "Nakufa njaa."

"Nani anakufa njaa?"

Wakaelezwa. Wakaizunguka meza na mikoba yao. Mama yule akatazama ndengu, akatazama wanaume.

"Na majirani wako wapi? Huyu msichana hana majirani?"

"Mchezo hauna majirani," binti akasema, na wote wakanigeukia mlangoni kama mtu aliyejenga nyumba bila choo.

"Huyu wa mchele ndiye arushe," akasema mama mwingine. "Haraka. Mchele haujawahi kumchelewesha mtu."

Fundi akarusha, akafika. Wakapiga makofi. Mfungaji miraa akarusha, naye akafika. Mwalimu alikuwa amebakiwa na ndengu moja. Baba akalivuta rundo lake lote, lile alilowekewa mzunguko kwa mzunguko, akalisukuma mbele ya mwalimu, binti yake.

"Kula wewe kwanza."

"Ni yako."

"Kula, mwari wangu. Mimi nilikuwa nakula huko."

Ikabaki mvua. Binti akampa mama wa kwaya dadu.

"Mimi sishiki dadu. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Hatuchezi pesa, mama."

Akafikiria. Akasema waiweke juu ya kitabu cha nyimbo, kisha akakiinamisha hadi dadu ikateleza yenyewe mezani. Ikazunguka, ikasimama. Hakuna mvua.

"Basi mchezo haujaisha," binti akasema.

"Umeisha," mwalimu akasema. "Wote wako nyumbani. Mvua itanyesha ikitaka."

Hakuna aliyeinuka. Nilitazama vile viti, na akina mama waliokuwa wamevuta vingine, nikaona kwamba ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimesimama, begi begani, mkono mlangoni.

"Sasa unaweza kuongea," wakaniambia.

Siku nzima nilikuwa nimemeza maelezo pamoja na chai.

Mwalimu akaokota ndengu zilizobaki kidogo, akaziweka mbele ya kiti kilichokuwa kitupu.

"Na za huyu. Huyu yuko njiani kila siku."

Wakacheka, akina mama wakacheka zaidi. Nikaenda nikakaa, begi likiwa bado mgongoni, hadi kwaya ilipotufukuza kwa kweli. Kadi nilimwachia mwalimu. Alisema atauongezea mchezo majirani.

Jioni ile nilipanda gari la Isiolo. Kuta za duka zilikuwa zinangoja, na miguu ilikuwa inawasha. Zile ndengu nilikuwa nimezitia mfuko wa shati. Chumbani nilizimwaga kwenye sufuria, zikawa chache mno, hata maji hayakujua kuna kitu. Nikanunua robo kilo nikachanganya. Nilipomaliza kupakua niliona nimebakisha kwenye sufuria, nikaifunika, wala sikuwa nangoja mtu. Asubuhi nilizila mwenyewe.