Kimya cha Bomba la Mvuke

Mjomba wangu, mdogo wake mama, huchochea moto wa boila katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Sironga. Anapokaa, bomba kuu la mvuke liko karibu na kichwa chake. Siku moja aliniambia kwamba ameona jasho kwenye mshono wa kulehemu wa bomba hilo. Si tone, unyevu tu, unaokauka kabla hujamwita mtu aje auone. Tangu hapo sikulala vizuri. Bomba la namna hiyo likipasuka, aliye karibu hapati hata nafasi ya kuinuka.

Mimi hufundisha fizikia chuoni Kisii, na tunacho kifaa cha leza cha kutafutia nyufa. Meneja alikubali tupime, ila moto usizimwe. Majani mabichi yalikuwa yamejaa yakingoja mvuke.

"Madam, hiyo tochi ndiyo itaona ndani ya chuma?" fundi mmoja alinitania.

"Haioni, inasikiliza. Vaa miwani kwanza."

Nilimweleza huku mvuke ukivuma juu yetu, labda ili nijitulize mwenyewe. Leza ya kwanza hukipiga chuma pigo fupi, na sauti nyembamba mno kwa sikio la mtu hupita ndani yake. Ikikuta ufa, hurudi na kuutikisa uso wa chuma kidogo sana, chini ya unene wa unywele. Leza ya pili ndiyo hunasa mtikisiko huo. Mwanga wake hugawanywa: nusu huenda kwenye bomba, nusu hubaki ndani ya kifaa. Zikikutana tena, tofauti ndogo kabisa ya mwendo huonekana.

"Na kelele ya mashine hizi zote?"

"Hiyo hutikisa chuma polepole. Naichuja."

Nilielekeza leza mahali palipong'aa karibu na mshono. Mstari kwenye skrini ukalala kimya.

"Basi ni zima," meneja alisema, akishusha pumzi.

Nilitaka sana kumwamini. Lakini nilipoinua macho niliona nukta nyekundu ikitetemeka kwenye mabati ya paa. Mwanga wangu ulikuwa unakwenda huko.

"Nani amepang'arisha hapa?"

"Ni mimi, mwana wa dada," mjomba alisema kwa fahari. "Msasa na maji, kama tulivyokuwa tukilainisha vinyago vya mawe ya sabuni kule Tabaka. Mgeni haletewi kitu kichafu."

Alikuwa amenitengenezea kioo. Kwenye mviringo wa bomba, kioo huutupa mwanga upande mmoja tu, na upande huo haukuwa wangu. Tena alikuwa amelainisha palipofikika kwa urahisi. Mshono wenyewe ulibaki na kutu na matuta.

Nilisogeza kifaa hadi joto likanichoma uso. Uso wenye matuta nao una shida yake: hutawanya mwanga kuwa madoa, mengine angavu, mengine meusi. Ukiangukia doa jeusi unapata kimya, hata kama ufa upo hapo hapo. Kwa hiyo nilihamisha leza kidogo kidogo, nikipima kila mahali. Kimya. Kimya. Kisha mwangwi, ukapotea. Nikasogeza tena, ukarudi wakati ule ule, mapema kuliko mwangwi wa upande wa ndani wa bomba. Kitu kilikuwa kinairudisha sauti kabla haijavuka chuma.

"Zimeni moto," nilisema.

Meneja aliangalia skrini, akaniangalia mimi, hakubisha. Lakini boila haizimwi kama taa. Lazima mtu abaki akipunguza mvuke taratibu, na mtu huyo alikuwa mjomba.

"Nendeni nje," alisema. "Nawe pia, madam." Hakuwahi kuniita hivyo.

Tulisimama mbali, upande wa mizani ya majani. Kila mvuke ulipofoka nilishtuka, na ulipotulia nilishtuka zaidi. Sijui ilichukua muda gani.

Alitoka shati limemganda mgongoni, akaketi chini.

"Majani yataharibika," alisema.

"Yaharibike, mjomba," nilimwambia, nikakaa naye.