Marehemu Aliyeniozesha

Baba yangu alikuwa marehemu kabla sijazaliwa, na ndiye aliyeniozesha. Msicheke, nawaeleza.

Wakati wa vita vikuu vya pili alichochea makaa katika meli ya mizigo ya Waingereza. Nyambizi ikaipiga, ikazama, na habari iliyofika kwetu Mahurunga ni kwamba hakupona hata mmoja. Mama akakaa eda. Matanga yakaanuliwa, na mtani wa baba, kwa haki ya utani, akachukua koti lake jeusi. Miezi baadaye baba huyo, anatokea kwenye mashamba ya mihogo, kakonda lakini mzima. Meli nyingine ilikuwa imemwokota. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mtani akamtazama tu. "Koti silirudishi," akasema. "Ama nilikulilia bure?"

Tangu hapo akamwita Marehemu, na kila harusi alikuja na lile koti, hata jua liwake vipi. Baba alikuwa akicheka. Ila habari za meli hakuzisimulia, na chomboni hakupanda tena, hata mtumbwi.

Uhuru ukiwa bado mbichi, nikaposwa. Mjomba, mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, akasema ndoa itafungwa kwao mama, ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari ulio karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Huko hufiki ila kwa mtumbwi. Baba akasema atamweka shehe awe wakili wake, aniozeshe kwa niaba yake. Kisheria hakuna ubaya, lakini mimi nilitaka mkono wa baba ndio ushike wa mume wangu. Nikalia, nikasusa chakula, nikasema basi siolewi.

Asubuhi ya harusi watani wakaingia na kitanda cha kamba. Wakamkamata baba, wakamlaza, wakamfunika kanga, wakambeba kuelekea majini wakilia kilio cha uongo. "Maiti haogopi maji," mtani akasema. Utani haukasirikiwi, ukikasirika umeshindwa. Baba akalala kimya hadi mtumbwini. Mimi niko nyuma na somo wangu aliyenifunda, nimefunikwa gubigubi, bibi harusi haruhusiwi kucheka, na mbavu zinaniuma.

Katikati ya hori baba akajifunua, akaketi. Akashika ukingo wa mtumbwi, akatazama maji.

"Wenzangu wa meli, nilikuwa nao pale tanurini," akasema. "Wale hawakupata mtani wa kuwalilia."

Wapiga kafi wakaacha. Mtani akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya maji. Kisha akalia, safari hii kweli. Tukalia wote, wanja wangu wote ukachuruzika.

Koti lilipozama, mtani akafuta kamasi, akamgeukia baba. "Haya, hao tumewazika. Wewe kaozeshe mwanao, watu wana njaa."

Baba akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Akaomba kafi, akanivusha mwenyewe.