Mguu wa Nerima na Unga wa Kuzuia Kutu

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa nipoe. Mke wangu Nerima ameshona sare za shule hapa mtaani Section 58 kwa miaka ishirini na sita, kwa cherehani ya kukanyaga, mguu wa kulia ukipiga pedali mpaka majirani wote wanajua ameamka. Habari hii ni ya mguu huo.

Sukari alikuwa nayo kwa miaka tisa. Alijidunga insulini asubuhi na jioni, chupa zake zikikaa kwenye mlango wa friji kando ya maziwa, na hakuna siku niliyomsikia akilalamika. Alipiga mswaki, akajidunga, akakaa kwenye cherehani.

Kisha Maxwel, mzee wa kanisa letu, akaanza kuuza unga mweupe wa mikebe. Alikuja Jumamosi baada ya chakula, akakalia kiti changu, akanieleza.

"Mzee Makokha, sukari ikizidi kwa damu, mwili unashika kutu ndani kwa ndani. Hiyo kutu ndiyo inakula mishipa, macho, figo. Sasa hizi amino asidi za huu unga zinazuia kutu. Si maneno yangu, ni research."

Angeenda kumweleza mtu mwingine! Mimi nilikuwa fundi wa mitambo kiwandani miaka thelathini na mmoja. Kutu naijua kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Niliposikia neno hilo tu, nikaona huyu anasema ninachokijua, nikafungua mkebe kwa mikono yangu mwenyewe. Na kinachonikera zaidi ni kwamba nusu ya maneno yake yalikuwa kweli.

Kanisani kwetu kuna wakati wa ushuhuda, baada ya nyimbo. Ushuhuda hautolewi nusu. Husimami mbele ya watu ukasema unajisikia nafuu kidogo, tutakushangaa. Nerima alikunywa unga majuma mawili, akahisi mwili mwepesi, akasimama na kusema, "Nimepona." Akina mama wakapiga vigelegele. Maxwel akapaza "Amina!" kabla mke wangu hajafunga mdomo, na mikebe yake ikaisha alasiri hiyo hiyo.

Sasa mtu aliyepona anajidungaje? Wageni wakija, wakifungua friji kuchukua soda, wakakuta insulini, watasema alidanganya mbele za Mungu. Basi chupa zikatoka kwenye friji.

Mwezi wa tatu baada ya ushuhuda huo nikaona damu kwenye pedali.

"Mama Jerry, hii damu ni ya nani?"

Akainama, akacheka kidogo, akidhani namtania. Tulipovua kiatu tukakuta kipande cha sindano ya cherehani kimezama kwenye unyayo. Alikuwa ametembea nacho siku nyingi na hakuhisi kitu, maana sukari ilishaua hisia za mguu. Kidonda kilishaanza kuwa cheusi.

Kule kliniki, Sista Chepchumba, nesi anayemjua Nerima tangu mwanzo, akampima, na mashine ikashindwa hata kutoa namba kwa jinsi sukari ilivyopanda.

"Mama, ulijidunga lini mwisho?"

Nerima aliniangalia mimi. Nikaeleza habari ya unga, na Chepchumba akavuta pumzi.

"Mzee, hiyo story ya kutu si uongo. Na hizo amino asidi kweli watu wa research wanazijaribu, mara nyingi bado ni kwa panya, na kwa watu wachache. Labda siku moja zitasaidia. Lakini ni nani alikwambia ziingie mahali pa insulini?"

Bomba likivujia mtambo, unafunga maji kwanza, ndipo unapaka mafuta ya kuzuia kutu. Mwanagenzi hufundishwa hivyo juma la kwanza. Nimewafokea vijana wangapi kwa kosa hilo!

Hospitalini wakaukata mguu chini ya goti. Maxwel akaja wodini kuomba, akasema huenda imani ilipungua. Nilimfukuza kwa magongo mapya ya Nerima, mpaka askari wa mlangoni akaja kunishika. Sijutii.

Jumapili iliyopita tukarudi kanisani. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Nerima akasimama kwa magongo yake.

"Nilisema hapa kwamba nimepona. Sikupona. Niliacha insulini, nikaogopa kuwaambia kwa sababu mlinipigia vigelegele."

Maxwel akaanzisha pambio, na wachache wakamfuata. Nerima akagonga sakafu kwa gongo.

"Sijamaliza. Kila aliyeacha dawa kwa sababu ya maneno yangu, kesho arudi kliniki." Pambio likafa. Akanigeukia. "Baba Jerry, simama. Sema na yako."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kumrushia Maxwel yamejaa mdomoni, nimeyapanga wiki nzima. Nikasimama, nikamtazama Maxwel, nikakuta hata moja halitoki.

"Nerima alitaka kuendelea kujidunga kwa siri," nikasema. "Alinisihi. Mimi ndiye nilizitoa zile chupa kwenye friji nikazitupa, ili watu wasinicheke."