Nahodha Aliyetunywesha Uraka

Nahodha wetu wa mbio za Jumamosi hapa Masasi amefariki. Alilala salama, asubuhi hakuamka, nami nimerudi mazikoni mbavu zinaniuma kwa kucheka. Msinishangae. Watani wetu wa jadi, wakimbiaji wa Newala, walifika na madumu, wakaketi mlangoni, wakazuia jeneza lisitoke mpaka mtu aonje kilichomo kwenye madumu. "Huyu tunamjua," akasema mmoja, "atakwenda kuwanywesha hata malaika!" Mjane ndiye aliyeanza kucheka, nasi tukafuata huku machozi yakitutoka.

Utani ule una asili yake. Marehemu, mwalimu mstaafu aliyeletwa huku na ajira akanogewa, alitamani jambo moja tu kabla ya kuachia unahodha: kuwashinda Newala, walau mara moja. Waliposhuka kushindana nasi ilikuwa msimu wa korosho, jua la kuchoma utosi, akaona maji matupu hayatatosha. Jana yake akakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, akajaza madumu, akayapanga kando ya barabara ya Lukuledi. Kumbe juisi ya mabibo ikilala, kisha ikapigwa na jua, huwa uraka, pombe kamili. Newala walinusa tu wakapita. "Mwalimu, hii imeshaamka!" Sisi watu wa maofisini, wakuja, tuliiona tamu, tukaomba tuongezwe.

Basi ikawa vituko! Mama mmoja mhasibu alianza kuimba pambio. Muuguzi wa hospitali ya Mkomaindo akaketi chini, akatangaza kwamba barabara inakwenda yenyewe, ya nini kukimbia? Tulicheka mpaka tulipomwona karani wetu mmoja ameacha kutoka jasho, ngozi imekauka, anaongea yasiyoeleweka. Pombe na jua vilikuwa vimemkausha. Nahodha, aliyekunywa maji yake ya chupa tu, alikuwa mbele ya wote na utepe wa kumalizia anauona. Tukamwita. Aliutazama utepe ule kama mfungaji anavyoitazama futari, kisha akageuka, akarudi mbio. Akamlaza karani kivulini, akamlowesha shingo, akamnywesha maji yenye chumvi na sukari kidogo. "Taratibu, Mwalimu, funda moja moja!" muuguzi akaelekeza, naye mwenyewe akiyumba.

Newala walishinda. Karani alipopata nafuu, nahodha akasimama mbele ya gari la kuturudisha mjini. "Hapandi mtu mpaka akojoe!"

"Shikamoo, Mwalimu. Hata mimi?" akauliza mhasibu.

"Marahaba, Mama. Hata wewe."

Tangu hapo, kila Jumamosi, akishaitikia marahaba alituuliza mkojo una rangi gani, wakubwa kwa wadogo, maana ukikolea mwili umepungukiwa maji. Tulimwona hana haya. Leo ninaona alitupenda kuliko ushindi, maana mpaka anakufa hakuwahi kuwashinda Newala. Karani yule alibeba jeneza kutoka nyumbani hadi kaburini, jasho likimtiririka, akakataa kupokewa. Ndugu zangu, jua halina utani. Kunywa kabla ya kiu, na mwenzako akiacha kutoka jasho, hata kama utepe unauona, geuka.