Kapelo Thelathini Zinazosubiri Ndege

Meza ya Spéciose ilikuwa na miguu minne na serikali mbili. Ilikaa katikati ya jiji la Johannesburg, kwenye ujia wa jengo la zamani lenye maduka chini na makanisa juu. Mahali ilipokaa palikuwa pa Mzee Hasmukh, muuza vitambaa. Umeme wa cherehani ulitoka ng'ambo ya ujia, kwenye duka la simu la Iftikhar, kwa waya mrefu wa rangi ya chungwa uliopita juu ya vichwa vya wateja. Kwa hiyo huyu mama wa Kirundi, mkazi wa Joubert Park, fundi wa kutarizi majina kwenye sare za wanakwaya, alikuwa amejipatia nafasi katikati kabisa ya India na Pakistani. Akimuudhi mmoja, hana pa kukaa. Akimuudhi mwingine, hana cha kuwashia mashine.

Na Kiswahili wote walikijua. Mzee Hasmukh alizaliwa Kisutu, Dar es Salaam, na India yenyewe alikuwa ameiona mara mbili, zote kwa ajili ya harusi. Iftikhar alikuwa Mpakistani kweli, lakini aliwahi kuuza magari ya mitumba ya Japani kule Mombasa miaka minne, akatoka na Kiswahili cha kumtosha kugombana na mtu yeyote. Na waligombana. Wangegombania wateja, angalau kungekuwa na faida. Wao waligombania ndege za kivita.

"Yetu inaruka tayari," Iftikhar alianza kila asubuhi, geti la chuma likiwa bado nusu. "JF-17. Tumeiunda na Wachina. Mwaka jana imeingia kikosini. Nyinyi mwarusha nini? Zile MiG za enzi za babu yangu?"

"Sisi tunachagua," alijibu Mzee Hasmukh, akipima kitambaa kwa mkono kana kwamba anapima bawa. "Ndege mia moja ishirini na sita! Kampuni sita zilikuja kutubembeleza. Sita! Ninyi nani aliwabembeleza?"

"Mtachagua mpaka marubani wastaafu, Mzee."

Spéciose alisikiliza yote hayo sindano ikipanda na kushuka. Kwao Burundi, wakati wa vita, mlio wa helikopta uliwapeleka watu migombani mbio, na hakuna aliyesimama kuuliza imetengenezwa na kampuni gani. Hapa alikutana na wanaume wazima wanaozipenda ndege hizo kama watoto wao. Dunia ina mambo.

Naye alikuwa ameboresha kikosi chake, kwa namna yake. Cherehani ya kwanza, ya kukanyaga, ilibaki mtaa wa Alexandra Mei 2008, siku zile majirani walipokuja na mapanga kuwauliza wageni wanarudi kwao lini. Hii ya pili ilikuwa ya umeme. Aliichagua kwa dakika kumi, akaanza nayo kazi siku ileile. Hakuna kampuni iliyokuja kumbembeleza.

Basi, mwezi wa saba mwaka 2011, Mzee Hasmukh alikuja na habari njema. Njema kwake.

"Mama Belyse," alisema, akimwita Spéciose kwa jina la mwanawe, "mwisho wa mwezi wa nane utanipisha hapa. Kampuni ya soda inanipa friji. La milango miwili. Bure!"

"Na mimi niende wapi, Mzee?"

"Ah, Jozi kubwa hii."

Jozi, yaani Johannesburg, ilikuwa kubwa kweli. Spéciose aliizunguka wiki mbili, mtaa kwa mtaa, roboti kwa roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huko. Kila ujia wenye plagi ulikuwa na mwenyewe, na kila ujia usio na mwenyewe haukuwa na plagi. Bila meza ile, cherehani ingekuwa chuma cha kupamba chumba.

Ndipo ikaja mechi ya kriketi. Wenye maduka ya mtaa ule walikuwa na desturi ya kucheza kila Agosti, kwa kuwa Pakistani husherehekea uhuru tarehe kumi na nne na India kumi na tano, na mwanamume anayeishi mbali na nchi yake hawezi kuacha siku mbili kama hizo zipite bila kumtupia jirani mpira. Mwaka huo kila upande ulitaka kapelo zenye ndege mpya ya kivita: thelathini za kijani, thelathini za bluu, za wachezaji na mashabiki. Spéciose akajiambia: nikimtengenezea Mzee kapelo za kupendeza, huenda moyo wake ukalisahau friji.

Iftikhar alileta picha ya rangi aliyoikata kwenye gazeti, akaieleza kwa nusu saa. Mzee Hasmukh alileta mikono mitupu.

"Ndege gani, Mzee?"

"Ile mpya."

"Mpya ipi?"

"Mama, serikali nzima haijaamua, unataka nikuamulie mimi? Zimebaki mbili. Weka ndege tu. Ya kisasa. Iwe inatisha!"

Spéciose alikuwa na utaratibu wake wa kazi: hachori kitu mara mbili. Njiwa wa kwaya, msalaba, jina la shule, kila kimoja alikikata kwenye kadibodi, akakizungushia chaki, akatarizi. Akachukua boksi la majani ya chai, akaikata ile ndege ya Iftikhar, akamaliza za kijani. Kisha akaigeuza kadibodi upande wa pili, pua ikatazama kushoto, akamaliza za bluu. Ndege si ndege? Ina mabawa, ina mkia, inatisha. Mzee alitaka nini zaidi?

Gustave, mlinzi wa jengo, mtu wa Lubumbashi, alisimama akayatazama marundo mawili yale.

"Mama Belyse, hii na ile haziko ndege moja?"

"Hapana. Hii inakwenda, ile inarudi."

"Eish," alisema Gustave. "Basi sharp, sawa."

Mechi ilichezwa Jumapili tarehe kumi na nne, asubuhi, maana ulikuwa mwezi wa Ramadhani na waliofunga walitaka kukimbia kabla koo hazijakauka. Timu mbili zikajipanga kwenye nyasi kavu za Agosti kupeana mikono. Kapelo za kijani na za bluu zikaelekeana, na ndege nazo zikaelekeana, pua kwa pua. Ilipendeza sana. Spéciose, aliyealikwa kutazama kazi yake, alikaribia kupiga makofi.

Iftikhar aliushika mkono wa Mzee Hasmukh asiuachie. Alikuwa akimtazama kwenye paji la uso.

"Mzee," alisema polepole, "karibu sana katika Jeshi la Anga la Pakistani."

"Unasema nini wewe?"

"Tazama hapa." Alikigusa kitambaa cha bluu kwa kidole. "Hizo mbili mnazochagua, zote zina vibawa vidogo mbele, karibu na shingo. Mkiani hazina kitu. Hii je? Shingoni hakuna kitu, vibawa viko mkiani. Hii ni JF-17, wallahi! Umeivaa kichwani, siku yetu ya uhuru, na wenzako wote. Asante, Mzee. Asante sana."

Iftikhar akauachia mkono. Halafu kapelo thelathini za bluu zikavuliwa kwa pamoja, zikakaguliwa. Upande wa Hasmukh ulicheza kichwa wazi juani, ukashindwa vibaya, na Iftikhar, aliyefunga, aliishiwa nguvu kwa kucheka kabla hajaishiwa kwa kiu.

Jumatatu asubuhi Spéciose alifika mapema, akaanza kukunja nguo za wateja. Aliona hakuna haja ya kungoja afukuzwe. Bado anakunja, mfuko wa kapelo ukatua mezani, pu!

"Unakwenda wapi?" Mzee Hasmukh alifoka. Wateja walisimama. Gustave alisogea. Iftikhar alizima redio yake ili asikose neno.

"Mzee si uliniambia nikupishe..."

"Kunipisha nini? Umeniaibisha mbele ya mtaa mzima, halafu ukimbie? Hutoki! Meza hii haisogei hata inchi moja mpaka kapelo zote thelathini ziwe na ndege ya India! Nyote hapa mashahidi!"

"Na friji, Mzee?"

"Friji lisubiri!"

Spéciose akaweka nguo chini. Akachukua kimkasi, akavuta kapelo ya kwanza, akaanza kufumua nyuzi. Bawa moja likatoka. Akainua uso, na wala hakuwa na ujanja wowote. Aliuliza kama fundi anavyouliza.

"Ni haki yako, Mzee. Nitarekebisha zote. Ndege gani?"

Mzee Hasmukh akageukia vitambaa vyake, akaanza kuvipanga.

"Mama anauliza ndege gani," alisema Iftikhar toka kaunta yake, mpole kama nesi.

"Bado... wanachagua."

Spéciose aliutazama mfuko, akamtazama Mzee, akawatazama mashahidi mmoja mmoja. Kisha akaweka kimkasi chini taratibu.

"Basi nitasubiri wachague," alisema, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

Friji lilikuja mwisho wa mwezi. Kwa kuwa Mzee Hasmukh alikuwa mtu wa neno lake, liliingizwa dukani, katikati ya vitambaa vya sari, likaziba njia ya stoo.

Januari 2012 Iftikhar alisoma habari kwa sauti ujia mzima usikie: India imechagua, ni Rafale, ya Wafaransa. Spéciose alilikumbuka friji. Hata hivyo aliutoa mfuko chini ya meza, maana na yeye alikuwa mtu wa neno lake.

"Hongera, Mzee. Nianze?"

Mzee Hasmukh alichukua kapelo moja, akaigeuza, akairudisha ndani ya mfuko.

"Imechaguliwa, haijanunuliwa. Hawajasaini. Mimi nimeshavaa ndege isiyo yangu mara moja, Mama. Sirudii."

Ikapita 2012. Ikapita 2013, wakubwa wakijadiliana bei. Spéciose, ambaye zamani hakutofautisha jeti na njiwa wa kwaya, sasa alimwomba Gustave gazeti kila linapotaja Ufaransa. Na Jumapili, kanisani ghorofa ya nne, wengine wakiombea wagonjwa na vibali, yeye aliyaombea yale majadiliano yaendelee kwa amani na bila haraka yoyote.

Asubuhi moja ya 2014 Mzee Hasmukh alisimama kando ya meza, akashusha sauti Iftikhar asisikie.

"Mama Belyse, unakumbuka? Vibawa mbele. Mkiani hakuna kitu."

"Nakumbuka, Mzee. Wakisaini tu."

Akausukuma mfuko wa kapelo ndani zaidi kwa kisigino, akakanyaga pedali.