Akiba ya Zulma Mgongoni mwa Ekeko

Zulma Apaza hakuumbiwa kutulia. Darasani mguu wake ulicheza chini ya dawati, mezani alikula huku akipiga hesabu. Alikuwa na miaka kumi na sita tu, lakini ukimwona na beseni lake la jelatini kwenye kituo cha mabasi cha El Alto ungedhani ana watoto watano na wote wana njaa. Wenzake walimwita Benki Kuu. Yeye aliwajibu kwamba benki haikopeshi wavivu, akapita zake.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Katika kila boliviano kumi, pesa ya kwao, alizopata kwa kuuza, nne zilirudi kununua sukari na unga wa jelatini, tatu alimpa mama yake, Doña Hilaria, moja ilikuwa nauli, na mbili hazikuguswa hata dunia ipinduke. Hizo mbili mbili ndizo zilizokuwa roho yake. Alizidunduliza kwa miezi kumi na minne hadi zikatimia mia nne na themanini, ada ya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Mwisho wa kulipa ulikuwa Jumamosi saa sita mchana.

Shida ilikuwa pa kuzificha. Kaka yake Edson alikuwa mdokozi aliyekubuhu, wa kuazima bila kuomba na kusahau bila kuona haya. Soksi aliijua, godoro alilijua, mpaka ndani ya gunia la viazi alishapekua. Zulma akahangaika wiki nzima, kisha akamkumbuka Ekeko, kile kizee kinene cha plasta chenye masharubu, mleta neema wa nyumba, kilichokaa juu ya kabati na mizigo tele mgongoni. Kati ya mizigo hiyo kulikuwa na bunda la noti za bandia, ndogo kama stempu, zilizonunuliwa kwenye gulio la Januari ili za kweli zije kuzifuata. Hakuna aliyemgusa Ekeko isipokuwa Mama, aliyemwashia sigara kila Ijumaa na kumnong'oneza maombi yake. Edson angeweza kumwibia padri, si Ekeko. Basi Zulma akakunja noti zake nane mpaka zikalingana na zile za bandia, akazichomeka katikati ya bunda, akafunga na uzi. Siku hiyo alijiona ana akili kuliko mji mzima.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mwisho, alikuwa kituoni na beseni nusu alipousikia moshi. Ulikuwa moshi wa kawaida wa Ijumaa hiyo, kila ua ukichoma sadaka ya Mama Ardhi: peremende, mafuta ya lama, sufu za rangi, na vinoti vichakavu. Vinoti! Asubuhi, akimsuka nywele, mama yake alisema noti za Ekeko zimepauka, jioni atazitia motoni na kumwekea mpya. Na yeye, akili ikiwa sokoni, aliitikia tu ndiyo, Mama.

Beseni alimwachia muuza mkate, hata hakumwambia kwa nini. Alikimbia kupandisha mtaa, na kila geti alilopita lilifuka moshi, na kila moshi aliuona ni wa kwao. Alijitukana njia nzima. Alipoingia uani moto ulishakuwa makaa, na Ekeko amekaa juu ya stuli mgongo mtupu.

"Mama, zile noti za Ekeko..."

"Nimezichoma."

Zulma akachutama kando ya makaa. Lakini mama yake alimshika mkono, akamvuta ndani, akafunga mlango na kuchungulia dirishani kama Edson yupo. Kisha akatoa kifuani noti za kweli zilizokunjwa, alizozichomoa kabla ya kutia bunda motoni. Ameuza viazi miaka ishirini, vidole vyake vinaijua noti hata amefumba macho.

"Miaka yote namwomba," alisema, analia na kucheka papo hapo. "Namwambia, Zulma wangu asije akauza viazi kama mimi. Leo kanisikia, mwanangu. Shika, kalipe mtihani."

Zilikuwa mia nne na ishirini. Sitini zilishanunua bia na peremende za shukrani, zimemwagwa na kuungua. Hasira zikampanda Zulma, jamani, sitini! Akafungua kinywa aseme hizo ni zangu, nimezitolea jasho. Akamtazama mama yake. Hakuwahi kumwona amepewa kitu na mtu yeyote. Akafunga kinywa.

"Ada ni mia nne na themanini, Mama."

Mama akafungua kitambaa cha mtaji wa Jumatatu, akahesabu sitini. "Ekeko kaleta zote hizo, mimi nishindwe na sitini?"

Kesho yake saa nne walikwenda kulipa pamoja, mama amevaa kofia yake ya sherehe. Zulma hakutulia hata baada ya kupewa risiti. Jioni aliongeza mstari kwenye daftari lake: kumi kila mwezi, Ekeko, hadi sitini zirudi. Na kila Ijumaa ya kwanza mama alimwita, akafunga mlango, akamwonyesha kwa mnong'ono noti ya kumi aliyoikuta mgongoni mwa Ekeko.

Baada ya miezi sita deni likaisha, na Zulma akaupiga kalamu mstari. Ijumaa ya kwanza iliyofuata alimkuta mama yake mbele ya kabati, anapapasa bunda noti moja moja, akarudia tena tangu mwanzo. Hakupata kitu. Akamwashia Ekeko sigara yake vilevile, akamwambia asijisumbue, pengine safari hii kuna mwenye shida kuliko wao.

Mwezi uliofuata Zulma aliweka kumi na tano.